Lilianguka, Limeanguka, Likaanguka: Uainishaji Mpya wa Makanisa ya Kigothi kwa Viambishi vya Njeo

Wataalamu wa usanifu majengo wana desturi ya kuyapanga makanisa ya Kigothi kwa umri na mapambo: Gothi ya mwanzo, Gothi ya kilele, Gothi ya miali, Gothi ya ndimi za moto. Vitabuni mpango huo unapendeza. Kasoro yake ni kwamba haumfai hata chembe muumini aliyeketi chini ya dari la mawe akijiuliza kama abaki kwenye ibada au atoke taratibu kwa kisingizio cha kikohozi.

Tena jina lenyewe lina walakini. Lilipata nguvu katika karne ya 16 kwa kalamu ya Giorgio Vasari, Mtaliano aliyechukizwa na majengo hayo akayabandika jina la Wagothi, watu walioiteka Roma mwaka 410 na ambao hawakujenga hata ukuta mmoja wa namna hiyo. Mafundi waliojenga walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hawakuulizwa. Fani nzima basi imesimama juu ya tusi, na kama tutakavyoona, kuna makanisa humu yaliyosimama juu ya msingi dhaifu kuliko huo.

Mtafiti alianza kwa kujaribu ngeli, kwa kuwa Mswahili akitaka kupanga kitu chochote ngeli ndiyo rafu yake ya kwanza. Jaribio lilikufa siku hiyohiyo. Kanisa ni LI-YA. Makanisa yote, makubwa kwa madogo, yakatumbukia kapu moja pamoja na jiwe, tao, paa, dirisha, deni, kosa na kaburi. Hakatai mtu kwamba sarufi iliona mbali, maana huwezi kusimulia historia ya jengo lolote kati ya haya bila kutumia maneno hayo saba. Lakini uainishaji wenye kundi moja tu ni orodha iliyovaa koti. Aliyebaki nje ya kapu alikuwa askofu, A-WA, naye ndiye aliyeagiza yote.

Hapo ndipo mtafiti alipoiacha nomino na kukigeukia kitenzi. Swali likawa: unapotaka kusema habari za kanisa fulani la Kigothi, ulimi wako unalazimika kutumia kiambishi gani cha njeo?

Kabla ya kuendelea, neno juu ya kwa nini majengo haya yanahitaji vitenzi hata kidogo. Jiwe likikandamizwa ni vumilivu kupita kiasi; likivutwa, linakatika. Dari la mawe lililopinda halilali tu juu ya ukuta, linausukuma ukuta kwenda nje, usiku na mchana, bila likizo. Wajenzi wa kale waliitatua shida hiyo kwa kunenepesha kuta na kutoboa vidirisha vya kuchungulia. Mafundi wa pande za Paris walichanganya mambo matatu ambayo kila moja lilikuwa linajulikana tayari: tao lenye ncha, mbavu za mawe zinazobeba dari, na tao la nje linaloruka hewani kutoka ukutani hadi kwenye nguzo nene iliyosimama kando ya jengo. Aliyepata kuona nyumba ya udongo imeegemezwa miti wakati wa masika anaijua fizikia yake. Tofauti ni kwamba hapa miti ni ya mawe na nyumba inafikia mawingu. Ukuta ukapumzishwa, ukawa dirisha. Huko Saint-Denis, Abate Suger alizindua sehemu mpya ya mashariki ya kanisa lake mwaka 1144, mwanga wa rangi ukaingia, na wageni wenye vyeo wakarudi makwao wakiwa na wivu.

Wivu ndio uliofuata kama nguvu ya pili ya kihandisi. Notre-Dame ya Paris, iliyoanza 1163, dari lake liko kama mita 33 juu ya sakafu. Chartres, baada ya moto wa 1194, wakaongeza mita chache. Reims wakaanza 1211 wakapanda hadi kama 38. Amiens wakaanza 1220 wakapita 42. Ni mchezo uleule wa familia mbili mtaani zinazoshindania idadi ya sufuria za pilau, isipokuwa pilau likizidi hakuna anayeangukiwa.

Kutokana na mwenendo huu mtafiti ameunda kanuni ambayo ndiyo nguzo ya makala: Kanuni ya Mngoje Chini. Wahenga walisema aliye juu mngoje chini, lakini hawakutaja muda wa kungoja. Upungufu huo wa wahenga ndio unaozaa njeo.

Tuanze na -LI-, njeo ya yaliyokwisha na kufungwa. Mfano bora ni Lincoln, Uingereza. Mwanahistoria Mathayo wa Paris, mtawa wa karne ya 13, anasimulia kwamba kasisi mmoja alikuwa akihubiri humo kumlalamikia askofu wake, Robert Grosseteste, akasema kwamba hata wao wakinyamaza mawe yatapiga kelele. Mnara wa kati ukaporomoka. Mtafiti hajapata mfano mwingine wa jengo lililoshiriki katika mgogoro wa utawala kwa haraka kiasi hicho. Wakajenga mnara mwingine, wakauvika ncha ndefu ya mbao na risasi mwaka 1311, ambayo inasemekana ilifika mita 160. Dhoruba ikaiondoa mwaka 1548 na hakuna aliyeirudisha. Ilikuwepo. Ilianguka. Nukta.

Ely nayo ni ya -LI-, ila kwa namna ya kupendeza. Usiku mmoja wa Februari 1322 mnara wa kati ulianguka kwa kishindo hata watawa wakadhani ni tetemeko la ardhi. Msimamizi wa mali za kanisa, Alan wa Walsingham, alitazama shimo lililobaki na badala ya kurudisha nguzo nne zilezile zilizouangusha mnara, akafagia kifusi na kujenga pembe nane kwa upana wote wa shimo, na juu yake taa kubwa ya mbao iliyobebwa na miti minane ya mwaloni iliyotafutwa mbali, maana miti ya urefu wa karibu mita 19 haipatikani kila shamba. Leo watu husafiri kwenda Ely kutazama kilichozibia pengo. Kilichoanguka hakikumbukwi hata umbo lake.

-ME- ni tofauti, na hapa mwalimu wa sarufi angegonga ubao. Tukisema "chai imemwagika" hatusimulii tu tukio. Tunaonyesha kwamba chai bado iko mezani na mtu alete kitambaa. Utrecht, Uholanzi, ni -ME- kamili. Mnara wake wa mita 112 ulikamilika 1382 ukiwa mwisho mmoja wa kanisa. Katikati, ukumbi wa waumini ulijengwa kwa fedha pungufu na kubaki bila viegemezi vya kutosha. Mwaka 1674 ikapita dhoruba kali, ukumbi ukalala chini, mnara na sehemu ya altare zikabaki zikitazamana kama ndugu waliogombana kwenye mirathi. Kifusi kilikaa palepale kwa kama karne moja na nusu. Leo pengo ni uwanja wenye miti na watu hupita katikati ya kanisa kwa baiskeli. Ukumbi umeanguka, na mpaka leo umeanguka.

Kwa -NA- nenda Salisbury, Uingereza. Kanisa lilianza 1220, na katika karne iliyofuata mtu akaona vema kuongeza mnara na ncha ya mita 123, uzito wa tani zipatazo 6,500, juu ya nguzo ambazo hazikuandaliwa kwa mzigo huo na msingi wa kina cha mita 1.2 tu katika changarawe yenye maji. Mnara ukainama kidogo. Nguzo za kati zimepinda hata jicho lisilo na elimu linaona. Mwaka 1668 msanifu majengo Christopher Wren aliitwa kupima, akakuta ncha imehama sentimita kama 70 kutoka wima. Sakafuni kuna alama ya kuonyesha mahali timazi inapotua, na watalii husimama juu yake, huinua macho, kisha husogea pembeni bila kuambiwa.

Kundi dogo ndani ya -NA- ni kauli ya kutendwa: linazuiwa. Wells, baada ya kuona mnara wao unazamisha nguzo, waliweka kati ya 1338 na 1348 matao mawili yaliyogusana vichwa, moja limesimama na jingine limepinduliwa juu yake, kama mkasi uliofunguliwa. Wageni huuliza jina la msanii wa kisasa aliyeruhusiwa kufanya hivyo. Jibu ni hofu.

-TA- ni njeo ya wafadhili. Tusipoteze karatasi.

HA-…-JA- inastahili utulivu zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyompa mtafiti uthibitisho kwamba nadharia inafanya kazi. "Halijaisha" si sawa na "halikuisha." -JA- ina tumaini ndani yake, anayesema "hajafika" amekwisha kuweka sahani ya mgeni. Köln, Ujerumani, waliweka jiwe la msingi 1248, sehemu ya altare ikawekwa wakfu 1322, na kazi ikasimama karne ya 16. Mnara wa kusini ulikuwa umefikia kimo cha kati, na juu yake winchi ya mbao ya kupandishia mawe ikaachwa. Ikakaa karne kwa karne, ikawa sehemu ya sura ya mji. Watoto walizaliwa, wakazeeka na kuzikwa wakiamini kwamba kanisa kuu huwa na winchi. Hiki katika lugha yetu kinaitwa kiporo, na kiporo cha Köln kililala karibu miaka 300 bila kuchacha.

Kisha mwaka 1814 nusu ya mchoro wa kale wa upande wa mbele, uliochorwa kwenye ngozi, ulipatikana darini mjini Darmstadt, na muda si mrefu baadaye nusu ya pili ikapatikana Paris. Inasimuliwa kwamba ile ya Darmstadt ilikuwa imetumika kuanikia maharage. Mtafiti anapenda kulisisitiza jambo hili mbele ya wanaodai kwamba nyaraka za taifa hutunzwa na ofisi za nyaraka. Kazi ikaanza upya 1842, ikakamilika 1880 kwa mita 157, na kwa miaka michache Köln likawa jengo refu kuliko yote duniani. Likahama njeo hadharani, kutoka halijaisha hadi limekwisha, baada ya miaka 632.

Siena, Italia, haikuwa na bahati hiyo. Ni -NGALI-. Mwaka 1339 wenyeji waliamua kwamba kanisa kuu walilonalo, ambalo si dogo, ligeuzwe kuwa mkono tu wa msalaba wa kanisa jipya. Waliinua kuta, nguzo na uso mkubwa wa mbele. Mwaka 1348 tauni ikaingia na kuondoka na watu wengi wa mji, pamoja na fedha na hamu. Uso ule bado umesimama peke yake, na dirisha lake kubwa linatazama anga pande zote mbili. Narbonne, kusini mwa Ufaransa, walianza 1272, wakapandisha dari la mita 41 upande wa altare, kisha wakagundua kwamba ukumbi hautapita bila kubomoa ukuta wa ulinzi wa mji. Mji ukakataa. Lingalikuwa kubwa. Kwa njeo hii mtafiti anaonya wanafunzi wake waepuke kuchanganya -NGE- na -NGALI-: Siena hakuna "lingekuwa" tena.

Msomaji mkali atakuwa amekunja uso kitambo: viambishi ni vya maneno, vina nini na mawe? Pingamizi hili lina jibu, na jibu limezikwa Mkunazini, Unguja. Edward Steere alichapisha mwaka 1870 kitabu cha sarufi ya Kiswahili kama kinavyosemwa Zanzibar, akazipanga nomino zetu kwa ngeli na kueleza njeo za vitenzi. Mtu huyohuyo, akiwa askofu tangu 1874, alisimamia ujenzi wa kanisa kuu la Kianglikana mahali palipokuwa soko la watumwa, kwa matumbawe na saruji, lenye matao ya ncha kwa mkono mmoja na dalili za Uarabuni kwa mkono wa pili. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873 na ibada ya kwanza ikafanyika Krismasi ya 1877. Dari lake lililopinda halina boriti ya kulishika, na inasimuliwa kuwa wapo waliosubiri kwa hamu lishuke. Wenyeji watakuonyesha pia nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, kwa maelezo kwamba mafundi walizisimika Askofu akiwa safarini, na aliporudi akaziacha. Kwa mwanasarufi, uamuzi huo una maana: mpangilio wa maneno umekosewa, upatanisho haukuvunjika, sentensi inasimama. Dari halijaanguka. Mtafiti amelisema hilo kwa -JA- kwa mazoea na anaomba radhi Mkunazini.

Sasa -KA-.

Kila mwanafunzi anajua kwamba -KA- haiwezi kuanza yenyewe. Inahitaji -LI- moja ya kufungua mlango, kisha matukio yanafuatana kama watu kwenye foleni ya daladala, na hakuna kanuni inayosema foleni iishe lini. Kanisa kuu la Mtakatifu Petro la Beauvais, kaskazini mwa Paris, haliwezi kusimuliwa kwa njia nyingine. Lilianza kujengwa 1225, enzi za Askofu Milon wa Nanteuil, likapandishwa hadi karibu mita 48, likakamilishwa upande wa altare 1272, likakaa miaka 12, likaanguka.

Mwaka 1284 sehemu ya dari ilishuka. Sababu zimewalisha wasomi kwa vizazi. Eugène Viollet-le-Duc, fundi mkarabati wa karne ya 19, alivituhumu vijiguzo vyembamba vilivyozidiwa mzigo pale chokaa iliponywea. Karne iliyofuata, Robert Mark na wenzake walitengeneza vielelezo vya plastiki, wakavibana na kuvipima kwa mwanga, wakaunyooshea kidole upepo: ukuta mrefu kiasi kile ni tanga, na viegemezi vyake vya kati havikuwa mlingoti. Mtafiti, mtu wa pwani, anaelemea upande wa tanga.

Wenyeji hawakupunguza kimo. Wangeweza. Badala yake walichomeka nguzo mpya kati ya kila nguzo mbili za zamani, kanisa likawa msitu, na dari likarudi palepale. Hapo kuna kitu ambacho mtafiti hakukitegemea alipoanza kuandika kwa mzaha, nacho ni heshima. Kazi hiyo ilikula miongo. Kisha vita vya Waingereza na Wafaransa vikala karne nzima.

Mwaka 1500 wakaanza mikono ya msalaba chini ya Martin Chambiges, ikakamilika mwaka 1548. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja tu, ukumbi wa magharibi, yaani lile eneo ambalo katika makanisa mengine hutumiwa na watu. Walikaa, wakashauriana, wakajenga mnara. Jean Vast aliusimamisha juu ya makutano ya msalaba, na mwaka 1569 ukafika mita 153. Ukitazama ramani utaona tatizo bila kuwa mhandisi. Mnara wa kati ni mtu aliyesimama katikati ya ndugu wanne wakimshika mabega. Mashariki palikuwa na altare, kaskazini na kusini palikuwa na mikono. Magharibi palikuwa na hewa. Mafundi wa mfalme walikuja kukagua 1571, wakakuta nguzo zinaelekea kule kusiko na ndugu, wakashauri ukumbi uanze kujengwa mara moja upate kuzishika. Kamati ikajadili. Tunazijua kamati. Tarehe 30 Aprili 1573, Sikukuu ya Kupaa, waumini walipokuwa wametoka kwa maandamano, mnara ukashuka.

Fedha zilizobaki zikaishia kwenye kuziba majeraha. Upande wa magharibi wakaufunga kwa ukuta, likabaki nusu kanisa lenye dari la Kigothi refu kuliko yote duniani. Likaona Juni 1940, mabomu ya Wajerumani yalipoteketeza mji unaolizunguka, likabaki limesimama peke yake juu ya majivu. Katika karne hiyohiyo ya 20 wakarabati waliviondoa baadhi ya vyuma vya kale vilivyofunga viegemezi, kwa kuwa vilionekana havipendezi, jengo likaanza kuyumba na upepo, vyuma vikarudishwa. Leo ndani ya mkono wake mmoja kuna viegemezi vikubwa vya mbao na chuma vilivyokusudiwa kuwa vya muda.

Mtafiti analazimika kukiri kwamba Beauvais limevuruga jedwali lake. Lilianguka. Likaanguka. Linazuiwa. Halijaisha. Lingalikuwa kubwa kuliko yote. Si mfano wa njeo moja bali jedwali zima lililochongwa kwa mawe, na uainishaji unaokubali kitu kimoja kikae kila safu haustahili kulipiwa posho.

Kuna jambo moja zaidi. Pale ambapo ukumbi ulipaswa kujengwa, likiwa limebanana na ule ukuta wa magharibi, lipo kanisa jingine la zamani zaidi, la karne ya 10, ambalo wenyeji huliita Basse-Œuvre, Kazi ya Chini. Kuta zake ni za vijiwe vidogo vya mraba, paa lake ni la mbao, madirisha yake ni ya kawaida, na halina tao hata moja linaloruka. Tangu 1225 mpango ulikuwa libomolewe lote kupisha ukumbi. Walibomoa kipande upande wa mashariki walipohitaji nafasi, mengine wakayaacha mpaka zamu ifike. Mtafiti alilijaribu kwa kila kiambishi alichonacho, -LI-, -ME-, -NA-, -TA-, HA-…-JA-, -NGALI-, -KA-, na hakuna kilichoshika.

Lipo.